Gazeti gani la malori ya zamani: Charge Utile, Heritage Commercials au Last & Kraft?

Mwana_Kampemba
Jambo wazee, jambo ndugu zangu. Mjomba wangu wa Liège anashuka Lubumbashi mwezi ujao. Anajua ninavyopenda malori ya zamani, ameniambia nichague gazeti moja anilipie mwaka mzima, na nakala za nyuma atakazopata atazibeba kwenye sanduku. Nimebaki na matatu: Charge Utile la Ufaransa, Heritage Commercials la Uingereza na Last & Kraft la Ujerumani. Kuna lori uani nyumbani nataka kulifufua, kwa hiyo natafuta gazeti la kunisaidia kazi, si la kutazama picha tu. Lipi linashinda? Mjomba anataka jibu kabla ya Jumapili.

Fundi_Ruashi
Lori gani, mdogo wangu? Umesema yote ukaacha lenyewe. Mwenye Berliet la Kifaransa na mwenye Bedford la Kiingereza hawashauriwi gazeti moja. Halafu lugha: Kiingereza unasoma? Kijerumani je? Na mjomba akisharudi Ulaya, nakala za miezi inayofuata zitakufikia kwa njia gani? Jibu hayo kwanza.

Katuba_Mazutu
Charge Utile, hata lori sina haja ya kulijua. Kifaransa tumekisoma shuleni sote, utaelewa hadi maandishi madogo chini ya picha. Tena halibagui: malori, mabasi, matrekta, mashine za barabara, magari ya zimamoto. Na lina matoleo maalumu yanayoshika chapa moja toka mwanzo hadi mwisho. Mimi ugonjwa huu nilitiwa na Berliet T100, lori la 1957 lililoundwa kwa kazi za mafuta katika jangwa la Sahara: injini ya Cummins ya silinda 12, nguvu farasi 600, tairi lenye kimo cha zaidi ya mita 2. Yaliundwa manne tu, na moja linatunzwa hadi leo na Fondation Berliet ya Lyon. Picha kama hizo huzipati kwa Waingereza.

Dereva_Kasumbalesa
Yaya Katuba, hapa mpakani sijawahi kuona Berliet likipita. Yaliyopita mengi yametoka upande wa Zambia, na ya zamani yalikuwa ya Kiingereza: Bedford, Leyland, Albion, ERF. Ndiyo maana nasema Heritage Commercials. Chukua Bedford TK. Injini haiko mbele, iko nyuma ya viti, unaifikia kwa milango ya pembeni. Asiyelijua atahangaika kutafuta boneti. Na nati zake ni za inchi. Mafundi wetu wengi wana spana za milimita peke yake. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, fundi anachukua spana ya 13, inakaa kama inayofaa, akikaza kidogo inateleza, akirudia tena kona zimekwisha. Baada ya hapo ni patasi na nyundo. Waingereza wanaandika mambo haya kwa undani kwa sababu wao wenyewe wanayatengeneza nyumbani kwao.

Fundi_Ruashi
Hilo la spana ni kweli kabisa, nimeliona kwa macho. Lakini mwenye swali bado hajajibu.

Mzee_wa_Likasi
Wanangu, niwaeleze kwa nini gazeti si pambo la mezani.

Nilikuwa na Magirus-Deutz, lori la Kijerumani, lile lenye pua ndefu, injini yake inapozwa kwa hewa. Haina rejeta, haina maji. Ina feni, na ina mabati yanayoizunguka injini ili upepo wa feni usitawanyike ovyo, upite katikati ya mapezi ya kila silinda. Mabati hayo ndiyo uhai wake. Nililipeleka garaji moja, jina silitaji, wazibe mafuta yaliyokuwa yanavuja. Kijana wa pale alifungua mabati yote, na alipomaliza akarudisha nusu. Mengine aliyatupa kwenye rundo la vyuma vikuukuu, kwa hoja kwamba yanazuia mkono kufika kwenye nozeli na kwamba injini ikiwa wazi itapata hewa nyingi zaidi. Mimi sikuambiwa neno.

Nikapakia makala ya kupikia, yaani mkaa, upande wa Likasi kurudi Lubumbashi. Kwenye tambarare lilienda vizuri. Tulipoanza kupanda, sauti ikabadilika, nguvu ikashuka, harufu ya oili inayoungua ikaingia kwenye kebini, halafu injini ikakaba. Tulipofungua ubavuni tulikuta nafasi kati ya mapezi ya silinda za nyuma zimeziba kwa vumbi jekundu lililolowana oili na kukauka. Motoboi wangu, yaani utingo, alilichokoa kwa kijiti, likawa linatoka vipande vigumu kama tofali. Pistoni mbili zilikuwa zimeshikana na silinda. Makala tuliyauza palepale kandokando ya njia, kwa bei aliyoitaka mnunuzi.

Baadaye rafiki mmoja alinionyesha gazeti la Kijerumani lenye mchoro wa injini ya aina ileile, mishale ikionyesha upepo unavyopita toka kwenye feni hadi silinda ya mwisho. Mchoro mmoja tu, nusu ukurasa. Yule kijana angeuona asingetupa hata bati moja. Kwa hiyo mimi ni Last & Kraft. Kijerumani sikijui, lakini mchoro hauhitaji mkalimani.

Mama_Vipuri
Pole sana, papa. Lakini mimi nauza vipuri, na nasema wazi: mwenye Magirus akija kwangu namwonea huruma. Pete za pistoni za Mercedes za zamani napata, gasketi napata, nozeli napata. Za Deutz ya lori, naandika namba ya simu ya mteja kwenye daftari, na inabaki kwenye daftari.

Mzee_wa_Likasi
Mama, heshima yako. Ila zile silinda mbili zilizokufa nilizibadilisha hizo mbili peke yake. Deutz kila silinda inasimama na kichwa chake, unafungua iliyougua, nyingine zinabaki zimefungwa. Mercedes ukichoma gasketi unashusha kichwa kizima cha silinda sita, watu watatu wanabeba. Na maji? Wangapi wamekwama porini na rejeta iliyotoboka, wanatuma motoboi na kidumu kutafuta kijito?

Mama_Vipuri
Kidumu cha maji ni bure, papa. Silinda ya Deutz si bure.

Mwana_Kampemba
Nisameheni, umeme ulikatika tangu juzi. Lori ni la marehemu baba. Boneti ni fupi na ya mviringo, usukani uko kulia, bamba la namba limeng'olewa, na alama ya mbele haipo, pamebaki matundu tu. Mtaani wote wanaliita Mercedes. Lina miaka mingi halijawashwa. Kifaransa nasoma vizuri, Kiingereza kidogokidogo, Kijerumani hapana.

Fundi_Ruashi
Sasa tunaongea. Chukua mazutu (dizeli) na brashi ya waya, safisha ubavu wa injini, tafuta herufi OM, ndizo Mercedes huzipa injini zao za dizeli, na tarakimu zinazofuata. Usiguse pampu ya dizeli, usijaribu kuwasha.

Mwana_Kampemba
Nimesafisha. OM 352, imesomeka wazi.

Fundi_Ruashi
Hongera, mdogo wangu, umerithi mali. Hiyo ni silinda sita za mstari, lita 5.7, ilianza 1964, na mafuta yanarushwa moja kwa moja juu ya pistoni. Zile zilizoitangulia zilikuwa na kijichumba cha kuwashia, zilikuwa ngumu kuamka asubuhi ya baridi. Boneti fupi hizo zilianza 1959. Kama ni modeli ya 1113, soma hivi: 11 ni tani, lori pamoja na mzigo wake, 13 ni nguvu farasi 130. Na kuhusu gazeti, injini hiyohiyo imo kwenye Unimog 416, lori dogo la kazi la Mercedes. Makala yoyote ya kufungua injini ya Unimog hiyo, katika gazeti lolote, ni makala yako pia.

Katuba_Mazutu
Taratibu, fundi. Injini si lori. Boneti fupi, usukani kulia, alama imetoka: mbona hakuna anayetaja Tata? Tata wa India waliungana na Daimler-Benz, wenye Mercedes, mwaka 1954, mkataba ukaisha 1969, na baada ya hapo Wahindi wakaendelea na umbo lilelile, wakatoa nyota ya Mercedes wakaweka herufi T. Mtu anaweza kuwa na Tata mwenye moyo wa Mercedes uliowekwa baadaye. Malori mangapi huku yana injini ya kiwandani kweli?

Dereva_Kasumbalesa
Usukani kulia hauthibitishi Tata. Zambia wanapita kushoto, Afrika Kusini vilevile, na Mercedes za usukani kulia ziliuzwa Afrika Kusini kwa wingi. Moja kuvuka kuja kwetu si ajabu.

Katuba_Mazutu
Sijasema imethibitika. Nasema asilipie gazeti la Kijerumani kwa ajili ya lori la Kihindi.

Fundi_Ruashi
Basi tumalize ubishi kwa chuma. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chesisi yenyewe, sehemu ya mbele, si kwenye bamba. Kwa Mercedes, tarakimu tatu za kwanza zinataja aina ya gari. Kwangua kutu polepole kwa sandpepa nyembamba, siyo kwa grainda, grainda itakula namba. Ukishaiona, paka chaki, futa juu, chaki ibaki ndani ya tarakimu, halafu piga picha kwa pembeni.

Panzi_Garaji
Nawasalimu toka Bukavu. Mnagombania chapa mkasahau swali la fundi la mwanzoni: mjomba akirudi, nani ataleta magazeti? Usajili wa mwaka utakwenda Liège, utarundikana huko. Mimi ningemwomba mjomba asilipie mwaka wowote. Fedha hiyohiyo inunue nakala za nyuma zilizochaguliwa, zenye boneti fupi za Mercedes au OM 352, ziwe za Kifaransa, za Kijerumani, haidhuru. Masoko ya vitu vya mitumba Ubelgiji yana mabunda ya magazeti hayo. Na ziwe za karatasi. Za kwenye simu ni nzuri hadi chaji iishe ukiwa chini ya lori na mikono ina grisi.

Katuba_Mazutu
Nakala moja moja zinakupa mambo nusunusu. Makala ya kutengeneza lori mara nyingi hutoka kwa sehemu: mwezi huu chesisi, mwezi ujao kebini. Ukikosa katikati umekosa yote. Na mjomba ana marafiki wanaosafiri.

Mama_Vipuri
Mwanangu, mimi nakuombea jambo moja tu: rangi ya baba usiifute. Wengi wakipata fedha wanapaka lori buluu mpya linang'aa, maandishi ya mlangoni yanapotea. Kama jina la baba au la biashara yake bado lipo pale, lizibie gazeti ukipaka sehemu nyingine.

Mwana_Kampemba
Lipo, mama. Upande wa kushoto linasomeka lote. Sitalifuta.

Mzee_wa_Likasi
Vizuri sana.

Dereva_Kasumbalesa
Ndugu, tairi zako zikoje? Kama limekaa miaka mingi bila kuinuliwa zimekwisha. Huku kuna mtu ana nne za 9.00-20 pamoja na rimu, alizitoa kwenye lori lililokatwa.

Mama_Vipuri
Kabla hujatoa falanga soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na mpira umeshakufa. Na uliza kama zinakuja na tyubu na mkanda wake wa ndani. Rimu bila mkanda inakata tyubu.

Mwana_Kampemba
Aksanti mama, nitauliza. Zangu mbili za nyuma zimepasuka ubavuni. Mjomba amepiga simu tena, nimemwomba asubiri hadi Jumatano. Yaya Dereva, mwenye tairi anataka bei gani kwa zote nne, na ana mafundi wa kuzifunga huko au nibebe rimu zangu?

Dereva_Kasumbalesa
Bei nitamuuliza kesho nikifika maegesho. Rimu usibebe, za kwake ni nzima. Ila hesabu matundu ya nati kwenye gurudumu lako unitumie, yasije yakatofautiana.

Katuba_Mazutu
Na picha ya chesisi iko wapi?