Saikolojia baada ya S6: shahada ya kwanza inatosha?

MADA: Kijana wa Uganda amemaliza S6 (kidato cha sita), anataka saikolojia. Nyumbani wanamsukuma achukue uuguzi au ualimu kwanza, "ambako kazi ipo." Je, aanze saikolojia moja kwa moja, au atapoteza miaka mitatu?

MNASIHI, KAMPALA: Kwanza tujue anataka saikolojia ipi, maana si kazi moja. Pale Makerere kuna shahada ya saikolojia ya viwanda na mashirika, na ipo ya saikolojia ya jamii. Ile ya kwanza inampeleka kwenye ofisi za rasilimali watu: usaili, upimaji wa utendaji, mafunzo kazini. Ya pili inampeleka kwenye miradi ya watoto, wakimbizi, afya. Hakuna hata moja inayomfanya awe mwanasaikolojia wa tiba. Hiyo inadai uzamili, miaka miwili mingine, pamoja na mazoezi ya kukaa na wagonjwa chini ya msimamizi. Familia nyingi hupanga ada ya miaka mitatu, halafu kijana anakwama hapo katikati akiwa na cheti ambacho waajiri hawaelewi wakiweke wapi. Kwangu mimi tatizo ni hilo. Saikolojia yenyewe haina kosa.

MWALIMU WA SEKONDARI, MBALE: Ndugu mnasihi, mimi nasema uamuzi umeshafanyika S5, anapochagua masomo. Daktari wa magonjwa ya akili husoma udaktari miaka mitano, mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, kisha uzamili wa miaka mitatu. Jumla tisa, na huyo ndiye anayeandika dawa. Bila Biolojia na Kemia njia hiyo haipo. Ipo pia stashahada ya afisa tabibu wa magonjwa ya akili, inayofundishwa Butabika, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala. Ni fupi zaidi, na kazi yake ni ya kumwona mgonjwa ana kwa ana. Wazazi wanaosema "uuguzi" hawajakosea sana, wamekosa tu kuitaja hii.

MSIMAMIZI WA MRADI, MBARARA: Mimi nauliza kama shahada yenyewe inahitajika. Utafiti uliofanyika Masaka na Rakai, uliochapishwa 2003, ulitumia tiba ya mazungumzo ya kikundi kwa watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha: mara moja kwa wiki, dakika 90, wiki 16. Walioongoza vikundi walikuwa wenyeji waliofunzwa wiki mbili tu, na sonona ilipungua sana ukilinganisha na vijiji ambavyo havikupata tiba. Sasa miaka mitano ni ya nini?

MNASIHI, KAMPALA: Mzee, umetaja mwisho wa kazi ukaacha mwanzo wake. Kabla ya vikundi watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wanayaitaje mateso haya kwa Luganda, wakapata okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Ndipo wakarekebisha dodoso ili lipime kile watu wanachokiita ugonjwa. Dodoso likitafsiriwa neno kwa neno linakupa namba zisizo na maana. Na kiongozi wa kikundi akikutana na mtu anayetaka kujiua, lazima awepo wa kumpigia simu. Kazi hizo ndizo za mwenye uzamili.

MWALIMU WA SEKONDARI, MBALE: Hapo nakubali. Basi likizo hii ya S6 aitumie kuchunguza. Ahakikishe kozi imeidhinishwa na Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu, maana shahada isiyoidhinishwa itamfungia mlango wa uzamili. Aulize mazoezi ya vitendo ni wiki ngapi, na nani anakaa naye kusahihisha. Na takwimu! Wanaokimbilia saikolojia ili kukwepa hesabu hukutana nazo mwaka wa kwanza, kisha tena kwenye tasnifu, na ndipo wengi huchelewa kumaliza.

MNASIHI, KAMPALA: Kama hana Biolojia na Kemia, habari ya udaktari imekwisha. Abaki na jamii au viwanda, na kabla ya kujaza fomu akae na wazazi wahesabu ada ya mwaka wa nne na wa tano.