Familia ya Bibi Majengo: mrija wa Neema

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Ndiyo tumetoka kwa daktari. Siyo minyoo. Mrija wa nyongo umefutuka kama puto chini ya ini. Dawa haiutoi, ni operesheni. Alhamisi ijayo.

Shangazi Arusha: Marahaba mwanangu, poleni jamani. Ndiyo yale macho ya njano?

Mama Neema: Ndiyo shangazi, na kile choo cheupe kama udongo wa pemba. Na zahanati walishatupa dawa za minyoo mara 3 😔

Elia Fundi: Niko na Bibi hapa. Anauliza, si homa ya manjano hiyo? Mtoto alale peke yake?

Dada Happy: Hapana Bibi, shikamoo. Homa ya manjano inaletwa na mbu. Huyu nyongo imekosa njia, inarudi kwenye damu. Haiambukizi, mlale naye tu.

Mama Neema: Kwenye ripoti wameandika Todani 1. Happy, hiyo ni nini?

Dada Happy: Todani ni daktari wa Japani, aliupanga uvimbe huu kwa aina mwaka 1977. Ya 1 ndiyo inayoonekana zaidi.

Mama Neema: Sawa. Kilichonichanganya ni kuunga mrija wakishakata. Daktari anasema kuna njia mbili, amenichorea nyuma ya bahasha ya utrasaundi.

*[Picha]*

Elia Fundi: Hii ya kulia mbona kona nyingi? Ingekuwa bomba ningechukua ya kushoto. Muungo mmoja, kazi imeisha. Kila muungo ni mahali pa kuvuja.

Dada Happy: Leo Elia umenena 😂 Sikilizeni. Uvimbe unakatwa wote, na mfuko wa nyongo unatoka nao. Kinabaki kipande cha mrija kinachoning'inia kutoka kwenye ini, nacho lazima kipate pa kumwaga. Mchoro wa kushoto kinaungwa moja kwa moja na utumbo wa mwanzo, pale chakula kinapotokea tumboni. Operesheni ni fupi, mtoto anawahi kula, na siku muungo ukibana kamera ya kupitishia mdomoni inafika.

Dada Happy: Wa kulia wanakata utumbo mwembamba chini zaidi. Ncha moja inapandishwa hadi kwenye ini, nyingine inaungwa ubavuni mwake huko chini. Ukiutazama ni herufi Y. Kile kipande kilichopandishwa, kama sentimita 30 hadi 40, hakipitishi chakula, nyongo tu. Wanakiita kwa jina la Roux, daktari wa Uswisi.

Elia Fundi: Aaah. Kumbe ndiyo valvu ya kuzuia maji yasirudi.

Dada Happy: Valvu haipo, ni urefu tu unaosaidia. Ila umeelewa.

Baba Neema: Ubaya wake? Maana wa kushoto naona umeusifia tu.

Dada Happy: Wa kushoto nyongo inaweza kupanda tumboni. Mtoto anatapika njano, ukuta wa tumbo unachubuka, kiungulia hakiishi. Wa Y miungo ni miwili, utumbo umekatwa, baadaye unaweza kunasa ukaziba. Na kamera kuufikia muungo wa juu ni shughuli.

Baba Neema: Shemeji, sema moja.

Dada Happy: Waliolinganisha hawakuona tofauti kubwa kwenye kuvuja, kubana au homa ya mirija ya nyongo. Tofauti ni hiyo nyongo ya kupanda upande mmoja, na muda wa operesheni na siku za kulazwa upande wa pili. Angekuwa wangu ningesema Y. Ana miaka 4, tumbo hilo atakaa nalo hadi uzeeni. Lakini muulizeni daktari mkono wake umezoea ipi. Mimi mkono uliozoea ningeuamini kuliko mchoro.

Mjomba Pasua: Kwani wasiuache huo uvimbe wauunge tu na utumbo? Kuna mzee hapa anasema zamani ndivyo walivyofanya.

Dada Happy: Walifanya mjomba, wakaacha. Kwa wengi wenye tatizo hili, mirija ya kongosho na ya nyongo inakutana mahali pasipo pake, maji ya kongosho yanapanda na kuula ukuta wa mrija wa nyongo. Ukuta huo ukibaki ni homa, mawe, na ukubwani hata saratani. Hapo msikubali njia ya mkato.

Mama Neema: Ni zile dawa nilizokunywa nikiwa na mimba?

Dada Happy: Hapana dada. Amezaliwa hivyo, na wasichana wanapata zaidi ya wavulana. Futa hiyo kichwani.

Baba Neema: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Arusha: Baba Neema usilie wewe, utamtisha mtoto.

Dada Happy: La mwisho. Hata akiwa na miaka 20, akipata homa ya kutetemeka na macho yakarudi njano, ni hospitali siku hiyohiyo. Siyo panado za dukani. Na kliniki haziishi.

Elia Fundi: Bibi anasema mshare za mtori zipo, azimenye?

Dada Happy: Asimenye kwanza 😂 Ataanza na dripu. Mtori wakiruhusu, tena bila mafuta mengi.

Shangazi Arusha: Nakuja Jumatano na basi la asubuhi. Elia nipokee stendi.

Mama Neema: Asante shangazi. Neema ameichukua bahasha anaipaka rangi. Daktari akiihitaji tutamwambia nini.