Tracy Chapman ya 1988: nichukue santuri ya zamani au toleo la 2025?

Kinanda71: Wakuu, natafuta albamu ya kwanza ya Tracy Chapman kwenye santuri. Nimepata ya 1988 iliyotumika, na lile toleo la 2025 lenye uzito wa gramu 180. Bei hazijapishana sana. Ipi?

SindanoKali: Mkuu, unapigia mashine gani? Sindano imewekwa ikandamize santuri kwa gramu ngapi? Hiyo ya zamani umeisikiliza?

Kinanda71: Nimeona jalada tu. Safi.

SindanoKali: Jalada haliimbi. Mwambie muuzaji aweke "Behind the Wall", wa nne upande wa kwanza. Ni sauti tupu, hakuna gitaa wala ngoma, kwa hiyo kila mkwaruzo utausikia. Kisha "For You", wa mwisho upande wa pili. Pale mfereji, ule mchirizi sindano inamopita, umekaribia katikati. Kama santuri ilipigwa kwa sindano iliyolika, "s" zote zinachanika. Kuosha hakusaidii, mfereji wenyewe umeshaliwa.

Mwanagitaa: Chukua CD. Nyimbo 11, dakika 36, huinuki kugeuza.

BintiPwani: Hata mpya huharibika njiani. Kuna moja ilifika Dar kwenye boksi lisilo na kadibodi ya kukazia, ikalala siku tano kwenye stoo ya bati. Kufungua, ukingo umepinda: sindano inapanda na kushuka kila mzunguko, "Talkin' Bout a Revolution" yote inayumba, nyimbo za ndani zinapiga vizuri. Ikabanwa kati ya vioo viwili wiki mbili, wapi. Muuzaji akamsukumia msafirishaji, msafirishaji akamrudishia muuzaji.

Mwanagitaa: Halafu watu waache kuiita albamu hii folk, yaani muziki wa gitaa wa kiasili. "She's Got Her Ticket" ni rege kabisa, na besi ya Larry Klein imebeba nusu ya albamu.

BintiPwani: Folk iko kwenye maneno, kaka. "Across the Lines" ni ubaguzi wa mtaa kwa mtaa. "Fast Car" wengi wanaipiga harusini, kumbe ni binti aliyeacha shule amlee baba mlevi, akaishia kwa mwanamume wa aina ileile.

Kinanda71: Hiyo "Fast Car" kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, inakaa wapi?

Mwanagitaa: Freti ya pili. Shika akodi za Cmaj7, G, Em, D. Usichape nyuzi zote. Gumba kwenye nyuzi nene za besi, vidole vidondoe nyuzi za juu. Ukichapa, kile kipande cha gitaa kinachojirudia kinapotea.

SindanoKali: Kinanda71, sindano gramu ngapi?