Hezekia alilipa au aliokolewa? Tujadili 2 Wafalme 18 na 19

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Jumatano kwenye mafundisho ya Biblia tulifika kwa Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alipoivamia Yuda mwaka 701 KK. Mwalimu akasoma 2 Wafalme 18:13, kisha akarukia mstari wa 17. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona umeruka?" Kimya. Tukafunua wenyewe. Mistari ile mitatu inasema Hezekia, mfalme wa Yuda, alikiri kosa, akatozwa talanta (kipimo cha uzito cha zamani) 300 za fedha na 30 za dhahabu, hata akabandua dhahabu kwenye milango ya hekalu ili deni litimie. Halafu sura ya 19 malaika anapiga watu 185,000 wa jeshi la Ashuru usiku mmoja, Senakeribu anarudi zake Ninawi.

Swali, na naomba tusitukanane: habari kama hizi tuzipime kwa ushahidi wa nje kama tunavyopima historia yoyote, au tuziache zilivyo kwa kuwa ni neno la Mungu? Mimi nasema zipimwe.

Mwanakwaya
Zipimwe tu mkuu, tunaogopa nini? Senakeribu mwenyewe kaacha maandishi. Kuna mche wa udongo wenye pande 6 uliopatikana Ninawi mwaka 1830, leo uko British Museum. Anajisifu kwamba kateka miji 46 yenye maboma, na Hezekia kamfungia Yerusalemu kama ndege tunduni. Soma polepole: kamfungia. Hasemi kaingia. Na wafalme wa Ashuru wakiteka mji hawanyamazi! Ukutani kwenye ikulu yake alichongesha kutekwa kwa Lakishi, mji wa Yuda: ngazi, mishale, familia zinatoka na mizigo kwenye mikokoteni, yeye kakaa kwenye kiti cha enzi anawatazama. Yerusalemu haumo. Aliyeua simba hatundiki ngozi ya fisi sebuleni.

Mpiga Hesabu
Umesoma nusu. Maandishi hayohayo yanasema Hezekia alimpelekea talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Dhahabu inalingana na Biblia barabara, fedha ndiyo wanayogombania. Sasa mtu keshalipwa, anaingia mjini kufanya nini? Kutoingia hakuthibitishi malaika. Kunathibitisha kwamba hakuingia, basi.

Kingine. Ukisoma 19:36-37 haraka utadhani alifika nyumbani akauawa na wanawe wiki ileile. Aliuawa 681 KK, miaka 20 baadaye. Kwamba aliuawa na mwanawe, kumbukumbu za Babeli nazo zinasema hivyohivyo. Kwa hiyo mwandishi ana habari za kweli, ila amekunja miaka. Na Tirhaka anaitwa mfalme wa Kushi kwenye 19:9 wakati alitawala kuanzia 690 KK. Ni sawa na mtu kusema "Rais fulani alisoma shule yetu", wakati huo alikuwa bado anavaa kaptura.

Kijiwe cha Kahawa
185,000? Uwanja wa Mkapa unachukua 60,000. Yaani ujaze mara tatu na watu wengine wabaki nje, halafu asubuhi wote kimya. Nani alihesabu?

Mpiga Hesabu
Hahaha. Ila Senakeribu naye anadai alitoa watu 200,150 katika Yuda, nchi ndogo vile. Ukimcheka mmoja kwa hesabu, mcheke na mwenzake.

Mama Mchungaji
Wanangu, mimi siwajibu kwa vitabu. Mkianza kupima mtaishia wapi? Leo talanta, kesho kaburi tupu. Watu wanakuja ibadani na misiba yao, mimi niwasimulie udongo wa Ninawi?

Mjukuu wa Kilwa
Shikamoo Mama. Mimi ni Muislamu, napita tu, ila jambo hili hata sisi wa pwani tunalo. Habari za Kilwa zinasema mtu aliyetoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Hizo nguo hakuna wa kuzipima. Lakini sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan zimechimbuliwa, zipo. Hatujaitupa tarihi kwa ajili ya nguo, wala hatujaimeza yote kwa ajili ya sarafu.

Mleta mada
Mama, shikamoo. Nimekuelewa, na ibadani siwezi kukupangia. Nazungumzia darasa la Jumatano, ambako kijana kauliza na hakujibiwa.

Jana usiku nilikaa na sura mbili kando kwa kando, 2 Wafalme 18 na Isaya 36. Ni habari ileile, karibu neno kwa neno. Isaya 36:1, Senakeribu anapanda. Isaya 36:2, Rabshake, ofisa wa Senakeribu, keshafika Yerusalemu. Malipo hayamo! Nikaenda 2 Nyakati 32, nako hayamo. Kumbe kuruka hakukuanza na mwalimu wetu.

Sasa huyu wa Wafalme ndiye aliyemsifu Hezekia kwenye 18:5 kwamba hakuwa na mfano wake kati ya wafalme wa Yuda, na bado akaacha pale milango iliyobanduliwa dhahabu. Mtu anayemtungia mfalme wake sifa hamwekei aibu ya namna hiyo. Kwenye talanta namwamini kabisa. Malaika sina kipimo chake, Mwanakwaya naye hana, na Mpiga Hesabu pia.

Mwanakwaya
Na lile handaki la maji la Yerusalemu?

Mleta mada
Lipo, zaidi ya mita 500 ndani ya mwamba, watu wanapita hadi leo maji yakiwa magotini. 2 Wafalme 20:20 inampa Hezekia sifa ya kuleta maji mjini. Maandishi yaliyoonekana ukutani mle mwaka 1880 yanasimulia mafundi waliochimba kutoka pande mbili: zikiwa zimebaki dhiraa 3 wakasikia sauti za wenzao upande wa pili wa jiwe, wakagonga sururu kwa sururu hadi maji yakapita. Mfalme hatajwi. Mungu hatajwi. Malaika wala Senakeribu, hakuna.