Tupeane uzoefu: tagi ya div iliyowahi kukunyima usingizi

Mkwezi: Ndugu zangu, leo nimefungua ukurasa nilioutengeneza miaka mingi iliyopita nikakuta div (tagi za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, zinazofunga sehemu ya ukurasa kama kisanduku) kumi na mbili, moja ndani ya nyingine, na hakuna klasi, yaani jina linalopewa tagi, hata moja inayoeleza kazi yake. Naomba tupeane uzoefu wa kugawa kurasa kwa tagi na kuzipamba kwa CSS, lugha ya kuelezea mwonekano wake.

Binti Pangani: Yangu ilinitoa machozi. Nilikuwa nikihudumia tovuti ya chuo kimoja, na jioni ya kutangaza majina ya waliochaguliwa nililiweka tangazo la zamani ndani ya div yenye klasi ya "ficha", niliyoiandikia display: none, yaani isionekane, nikasahau kuifunga. Kivinjari hakikulalamika. Kilihesabu kila kilichofuata kuwa kimo ndani ya div hiyo, orodha nzima ya majina ikafichika, na wazazi wakapiga simu usiku kucha wakidhani watoto wao wameachwa. Nilikagua seva na hifadhidata hadi alfajiri, kumbe kilichokosekana ni alama sita tu: </div>.

Fundi Ally: Pole sana, dada. Nami yamenipata.

Kaka Soko: Dawa ni kuachana na div. Tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoipitisha HTML5, toleo la tano la HTML, mwaka 2014 tunazo tagi zinazotaja kazi ya kila sehemu: header, nav, article, section na footer.

Mkwezi: Sikubaliani nawe. Section hutaka mada yenye kichwa chake. Visanduku viwili vya kupangwa sambamba tu, hiyo ni kazi halali ya div.

Kaka Soko: Mdogo wangu haoni, anatumia programu ya kusoma skrini. Akitaka kuruka hadi kichwa kinachofuata, asipokuta tagi za vichwa, h1 wala h2, hapati kitu, hata kama maandishi yamekuzwa na kukolezwa kwa tagi ya span, kwa sababu span haibebi maana yoyote. Hulazimika kuisikiliza menyu yote upya katika kila ukurasa.

Mkwezi: Hapo nimekuelewa, na vichwa vyangu nitavirekebisha. Div za mpangilio zitabaki.

Fundi Ally: Kila unapofunga div, andika maelezo mafupi pembeni kwamba ni ya nini.

Bi Zuhura: Maelezo hayo husahaulika ukurasa unapobadilishwa, yakampotosha atakayekuja baadaye. Afadhali kikaguzi cha W3C, kinachoonyesha tagi isiyofungwa.

Binti Pangani: Mimi huzipa div zote outline nyekundu, yaani mstari wa kuzizunguka, kwa muda. Outline haichukui nafasi, kwa hiyo mpangilio hausogei, na kisanduku kilichomeza vingine huonekana mara moja, isipokuwa kile kilichofichwa kama changu.