Lenzi ya 85mm f/1.8 au makro (lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya 100mm f/2.8? Nanunua moja tu

Shata_Taratibu: Wakuu salaam. Kamera yangu ni ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu nzima), lenzi niliyonayo ni ile ya 18-55 iliyokuja nayo. Napiga zaidi sura za watu, ila siku hizi nimenogewa na wadudu, na rafiki yangu anataka nimpigie pete anazotengeneza. Nichukue ipi?

Jicho_Moja: 85, hilo halina mjadala. f/1.8 ni tundu pana la mwanga, inayeyusha kila kitu nyuma ya mtu.

Mama_Fokasi: Taratibu ndugu yangu, na pete ataipigaje? 85 nyingi hazishiki fokasi ukisogea chini ya sentimita 80 hivi. Pete itaonekana kama punje mezani. Makro halisi ni 1:1, yaani kitu cha milimita 23 kinajaza upana wote wa sensa yake.

Hilo la kuyeyusha nalo lina hesabu yake. Gawanya urefu wa lenzi kwa namba ya f: 85 kwa 1.8 ni 47, 100 kwa 2.8 ni karibu 36, na ile 50mm f/1.8 wanayosifiwa wanaoanza ni 28. Mtu akijaa kwenye fremu kwa kiasi kilekile, na nyuma pakiwa mbali, namba kubwa ndiyo inayofifisha zaidi. Makro inashindwa na 85, sikatai, ila yenyewe inaishinda 50.

Kiwavi: Naongezea. Ukiwa 1:1, hata f/11 haikupi milimita moja iliyo kali. Ukipumua tu, jicho la nzi limepotea. Na makro nyingi husakasaka fokasi, kwa hiyo ikiwa na swichi ya kuzuia umbali wa karibu, iwashe unapopiga watu.

Njia ya mfuko mwembamba: 50mm na ringi ya kurefusha ya milimita 25, inayokaa kati ya kamera na lenzi. Ringi haina kioo ndani, na inakufikisha nusu ya ukubwa halisi. Tatizo unamkaribia mdudu mno, anaruka. Tafuta ringi zenye viunganishi vya umeme, la sivyo kamera haitaweza kubadili f.

Shata_Taratibu: Asanteni. Nasikia makro ni kali mno, inaanika kila chunusi?

Mama_Fokasi: Chunusi inaanikwa na mwanga, mwanangu. Mweke mtu kando ya dirisha lenye pazia jepesi. Pima chumba kwanza: kumpata mtu wa kiunoni kwenda juu, fremu ikiwa wima, 100 kwenye sensa yako inataka mita nne na ushee.

Jicho_Moja: Mimi bado nipo na 85. Wadudu hawalipi.

Shata_Taratibu: Nimepima, ukuta hadi ukuta ni mita tatu na nusu. Lakini ninazopiga ndani ni kichwa na mabega tu, na hapo mita mbili na kidogo zinatosha. Naenda na makro. Wa kiunoni nitawatoa nje.