Mrejesho: Ile Pontiac GTO ya 1969

Wakuu, asanteni sana kwa michango. Kwa waliopitwa: niliuliza kama Pontiac GTO ya 1969, gari la Kimarekani lenye injini kubwa, ambayo haijawahi kufanyiwa ukarabati, hapa Ohio, Marekani, inastahili dola 26,000 anazotaka mwenyewe.

Nimeenda kuikagua. Namba ya gari inaanza na 242, kwa hiyo ni GTO halisi, si LeMans (ndugu yake wa bei nafuu zaidi) iliyobandikwa nembo ya GTO. Shida ikawa injini. Miaka ile Pontiac waligonga sehemu ya namba ya gari kwenye bloku ya injini. Nikafuta grisi kwa kitambaa chenye petroli, nikamulika tochi, tarakimu hazifanani. Ni injini ya Pontiac, ila siyo iliyotoka nayo kiwandani. Hapo tu thamani inashuka sana.

Kutu ndiyo iliyonipa mawazo zaidi, maana chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa baridi haina huruma. Chesisi ni nzima, nashukuru. Lakini chini ya kioo cha nyuma, pale kifuniko cha vinaili cha paa kinapoishia, bisibisi ilizama. Maji yameshuka humo miaka na miaka hadi kwenye buti; nilipoinua kapeti niliona sakafu ya gereji.

Rangi ni ya kiwandani, imefifia, na naipenda hivyo hivyo. Rangi mpya ingeficha mengi.

Nikapiga hesabu ya bati na kuchomelea, nikamtajia mzee mwenye gari dola 17,000. Tumeafikiana 18,500, pamoja na nyaraka za Pontiac Historic Services (wanaotoa nakala za kumbukumbu za kiwanda) zinazoonyesha gari lilivyoagizwa. Ijumaa naenda na trela kulichukua.